“Mvua zilikuwa kidogo”: dhana inayowagharimu wakulima wa Dodoma

Kila msimu unapoelekea mwisho na mahindi yakiwa yamekaukia shambani, maelezo ninayopewa kuanzia Bahi hadi Kongwa ni yaleyale: mvua zilikuwa kidogo, kwa hiyo hapakuwa na la kufanya. Nikiwa afisa ugani naelewa uchungu wa anayeyasema, lakini siwezi tena kuyaitikia kwa kichwa.

Dhana: Mazao hukauka kwa sababu mvua ya mwaka ni ndogo.

Ukweli: Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na kiasi hicho kinautosha mtama na uwele endapo kitaingia ardhini. Tatizo kubwa ni mtawanyiko. Mvua hukatika kwa wiki mbili au tatu, mara nyingi Januari kuelekea Februari, na mahindi yakikutwa na jua hilo wakati wa kutoa mbelewele na ndevu, punje hazijai hata kama Machi itanyesha vizuri. Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza ugumu huo, kwani hewa hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7 kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Mvua kubwa huzidi kuwa kubwa, na katikati yake udongo hukauka upesi zaidi.

Milimita 1 ya mvua katika ekari 1 ni takriban lita 4,000 za maji. Mvua moja ya milimita 40 inamwaga shambani lita 160,000, na katika shamba lililolimwa kufuata mteremko, lenye udongo uliogandamana juu na mabua yote yakiwa yameliwa na ng'ombe, sehemu kubwa ya maji hayo huishia korongoni pamoja na udongo wenye rutuba. Baada ya siku kumi mwenye shamba anasema hakuna mvua, ilhali maji yake yalipita mbele ya macho yake. Ndiyo maana sichoki kuhimiza matuta ya kukinga mteremko, yaliyofungwa kwa vituta vidogo vya kukatiza ili kila mfereji ushike maji yake, pamoja na mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma, ambayo huchimbwa kina cha sentimita 30 hivi na kuwekewa samadi kabla ya mvua. Kazi yake ni nzito, sikatai, na kwa kaya yenye nguvu kazi ndogo nashauri kuanza na robo ekari kuliko kuendelea kuberega, yaani kupanda bila kulima udongo, ekari tatu zisizoshika maji.

Dhana nyingine ni kwamba mtama na uwele ni chakula cha njaa. Mtama husimamisha ukuaji jua likizidi na kuendelea mvua inaporudi, uwezo ambao mahindi hayana, na mbegu kama Macia hukomaa mapema. Kwelea kwelea, ndege wanaokula nafaka kwa makundi, ni kero ya kweli, lakini hupungua makali pale majirani wanapopanda kwa wakati mmoja na kulinda kwa pamoja.

Wapo pia wanaoamini kwamba miti iliyokatwa kijijini ndiyo iliyofukuza mvua. Mvua yetu hutegemea zaidi joto la Bahari ya Hindi na mwenendo wa ukanda mvua, yaani mkanda wa mawingu ya mvua unaohama kaskazini na kusini kufuata jua. Hasara kubwa ya kukata miti iko kwenye udongo, kama Kondoa ilivyoonyesha kwa mmomonyoko uliosababisha kuanzishwa kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973.

Na wanaosema kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa hudanganya, wanasahau kuwa utabiri wa msimu hueleza uwezekano kwa eneo pana, hautaji siku ya mvua katika shamba la mtu. Usikilizeni wakati wa kuchagua mbegu, kisha siku ya kupanda mahindi pimeni unyevu kwa kuchimba: udongo uwe umelowa walau sentimita 15 kwenda chini, si vumbi lililotulizwa na manyunyu ya jioni moja.