Jasho peke yake haliponyi sonona: maswali kuhusu mazoezi na utulivu wa akili

Jumamosi alfajiri ukipita Daraja la Tanzanite au Coco Beach, Dar es Salaam, utakuta fulana za kila rangi: jogging za mitaa, za maofisi, za makanisa. Ni jambo jema, na sisi wahudumu wa afya ni miongoni mwa waliolipigia debe. Ila pamoja na fulana hizo umeingia msemo unaotuletea wagonjwa wa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, wakiwa wamechelewa: "Una mawazo? Kakimbie, yataisha." Haya ni maswali yanayorudi kliniki kila mara. Mengi nimeyajibu haraka. Jibu moja nimelirudia kwa makusudi, na msinichoke.

Mazoezi yanahusianaje na akili? Mimi nakimbia kuondoa kitambi tu.

Yanahusiana sana. Mwili ukizoea mazoezi, usingizi unakuwa mzito, misuli iliyokakamaa mabegani inalegea, na homoni zinazopanda mtu akiwa na msongo hujifunza kushuka upesi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, na juu yake mazoezi ya misuli angalau siku 2. Wastani ni pale unapoweza kuongea na mwenzako lakini ukijaribu kuimba pumzi inakatika. Kutembea haraka kunatosha.

Kuhusu kitambi: kile kinailoni mnachojifunga tumboni hakiyeyushi mafuta. Kinatoa maji, mizani inakudanganya, na ukinywa lita moja uzito umerudi. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa kwanza, unaweza kuzimia nacho barabarani.

Na huo utulivu wa akili mnaotuhimiza ndio nini? Si mambo ya dini za watu?

Ni kuizoeza akili ikae pale mwili ulipo, ione kinachotokea bila kukigombeza. Mizizi yake iko kwenye tafakuri ya Kibudha, hilo ni kweli. Lakini huu unaofundishwa hospitalini ulipangwa kama tiba: mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha programu katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu na msongo. Hakuna anayeulizwa imani yake. Muislamu ataswali kama kawaida na Mkristo atasali kama kawaida.

Kwa vitendo nafanyaje? Nina watoto watatu na nafika nyumbani saa mbili usiku.

Usitafute muda mwingine, uunganishe na mazoezi uliyonayo. Kabla hujaanza, simama dakika moja. Sikia nyayo zako zinavyokanyaga. Vuta pumzi puani ukihesabu moja mpaka nne, itoe polepole ukihesabu mpaka sita, rudia mara kadhaa. Pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, mapigo ya moyo yanashuka. Huo si ushirikina, ni kazi ya mishipa ya fahamu.

Kisha tembea dakika kumi za mwanzo bila muziki masikioni. Sikiliza hatua. Kagua taya: umeuma meno? Mabega yamepanda? Yashushe. Akili itakimbilia rejesho la mkopo wa VICOBA na ada ya shule. Usigombane nayo, irudishe kwenye hatua. Itakimbia tena, utairudisha tena. Watu hunijia wamekata tamaa, "Daktari, mimi siwezi, akili yangu haitulii." Kule kuirudisha ndiko zoezi lenyewe, hujashindwa.

Tahadhari moja. Kuna waliopitia mambo mazito, kama kubakwa, ajali au kipigo cha nyumbani, ambao wakifumba macho na kukaa kimya kumbukumbu zinawavamia. Ukiona hivyo, fumbua macho, simama, tembea, taja vitu unavyoviona. Halafu uje tuongee. Usijilazimishe kukaa kimya eti ni dawa.

Nina miezi mitatu sina raha na chochote. Kocha wa gym kaniambia niongeze vyuma na nisikose hata siku moja. Nimemsikiliza, bado hali ni ileile.

Njoo hospitali wiki hii. Usisubiri wiki nyingine wala mshahara.

Sonona ni ugonjwa. Tunaanza kuishuku mtu anapokuwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo aliyokuwa akiyapenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, hamu ya kula imebadilika, nguvu zimekwisha, akili haishiki kitu, anajiona hana thamani au anawaza kifo. Wiki mbili, na wewe una miezi mitatu! Kocha wako anaweza kuwa mjuzi wa kukurekebisha mgongo unapochuchumaa na chuma, na hapo msikilize. Kwenye sonona hajasomea.

Lakini si nyie wenyewe mlisema mazoezi yanatibu sonona?

Tulisema yanasaidia kuitibu. Sonona ikiwa nyepesi, mazoezi na ushauri nasaha vinaweza kutosha bila kidonge hata kimoja, na mara nyingi ndivyo tunavyoanza. Lakini anayejua kama ni nyepesi ni aliyekupima. Si wewe, si kocha, si kundi la WhatsApp la jogging.

Sonona kali inachukua nguvu zilezile unazotakiwa kukimbilia. Mtu anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, saa nzima. Ukimwambia "jikaze" humwongezei nguvu, unamwongezea hatia: sasa anaumwa na pia anajiona mzembe. Wengi wanaochelewa kufika kwetu hawakuwa wavivu. Walikuwa wakijikaza kwa miezi. Kwa hiyo narudia: wiki mbili za hali hiyo, njoo upimwe. Mazoezi endelea nayo kadiri unavyoweza, hata kama ni kuzunguka nyumba, lakini yasiwe sababu ya kutokuja.

Nilianzishiwa dawa, nikaanza na mbio, nikajisikia vizuri, nikaziacha. Kuna ubaya gani?

Upo, na hili linaniudhi kuliko yote.

Dawa za sonona, mfano fluoksetini, huchukua wiki kadhaa ndipo mgonjwa aone tofauti. Kwa hiyo mtu anaanza dawa na mbio kwa pamoja, baada ya mwezi anachangamka, sifa zote anazipeleka kwa mbio. Dawa anaitupa kabatini. Wiki chache zinapita vizuri, anatuma hadi picha za medali. Halafu usingizi unaanza kukatika saa tisa usiku, mbio zinakuwa nzito, jogging anaanza kutoroka, na sasa anaona aibu kurudi kwetu kwa sababu alishatangaza kuwa amepona bila dawa.

Kujisikia vizuri ni dalili kwamba matibabu yanafanya kazi. Dawa huendelea kwa miezi mingi baada ya nafuu, kwa kawaida sita au zaidi, na wakati wa kuziacha ukifika tunazipunguza kidogo kidogo. Ukikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu na wasiwasi, mbali na ugonjwa wenyewe kurudi. Kama dawa zinakusumbua, yaani zinakulevya, zinakunenepesha au zinakupunguzia hamu ya tendo la ndoa, tuambie. Zipo nyingine. Usiache dawa bila kumwona aliyekuandikia. Hata kama umemaliza mbio ndefu. Hata kama kocha kasema mwili sasa umesafishika.

Mume wangu tangu apunguzwe kazi anakwenda gym asubuhi na jioni. Halali, hali vizuri, ukimwuliza anafoka. Nimwache, si anajitunza?

Dada, hapo nashuku hajitunzi, anajichosha ili asifikiri. Wanaume wengi sonona yao haiji na machozi. Inakuja na hasira, pombe, kubeti, au mazoezi yasiyo na siku ya kupumzika, na kwa kuwa mazoezi yanasifiwa, hakuna anayemshtukia.

Mwili uliozidishiwa mazoezi hujitangaza: mapigo ya moyo asubuhi kabla hajaamka kitandani yako juu kuliko kawaida yake, usingizi haushiki, mafua hayaishi, uzito ule aliokuwa akiunyanyua kirahisi sasa unamshinda. Wengine wanaziba maumivu kwa diklofenaki za duka la dawa, kidonge kabla ya mazoezi na kingine baada. Diklofenaki juu ya mwili uliokaukiwa maji inaumiza figo. Na mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, hiyo ni misuli inayovunjika. Hospitali siku hiyohiyo, msinunue dawa ya U.T.I.

Mwambie hivi, mkiwa wawili tu: "Baba fulani, nakuona hulali. Twende wote tukapime." Neno "wote" linafungua milango. Asipokubali leo, rudia kesho.

Nikimwuliza kama anafikiria kujiua, si nitampa wazo?

Hapana. Muulize. Kuuliza hakupandi wazo kichwani mwa mtu. Mara nyingi kunamtua mzigo aliokuwa amebeba peke yake. Uliza wazi, kwa sauti ya kawaida: "Umefikia mahali unaona bora usiwepo? Unafikiria kujiua?"

Akijibu ndiyo, usimhubirie na usimtishie moto. Usimwache peke yake. Toa nyumbani dawa zilizojaa kabatini na sumu za shambani. Mpeleke kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, leo, hata kama ni saa nane usiku. Msingoje asubuhi, wala msimpeleke kwanza jogging akapunguze mawazo. Hilo la mwisho silisemi kwa kutania.

Nimejifungua miezi miwili iliyopita. Mama mkwe anasema nifunge tumbo na nianze mazoezi, nitachangamka.

Kutembea taratibu ni kuzuri, na kama ulifanyiwa upasuaji, mazoezi ya nguvu yasubiri mpaka ukaguliwe mshono. Lakini kama unalia kila siku, mtoto akilala wewe hulali, au unaogopa kubaki naye, hiyo haihusiani na tumbo. Unampeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, sivyo? Siku hiyohiyo mwambie muuguzi habari zako wewe. Na mama akisikia sauti au akipata mawazo ya kumdhuru mtoto, hiyo ni dharura, na mama mkwe akiwa na mapenzi mema atashika mtoto ninyi mkiwahi hospitali.

Je, maombi?

Omba, na uje. Mchungaji mwema na shehe mwema hawakatazi hospitali.

Nikikimbia kifua kinabana. Najua ni mawazo tu, nikivuta pumzi kinaachia.

Hujui. Wala mimi sijui mpaka nikupime. Kifua kinachobana ukijitahidi na kuachia ukipumzika ndivyo moyo wenye mishipa iliyoziba unavyolalamika. Acha kukimbia mpaka upimwe. Yakiwa maumivu yanayosambaa mkono wa kushoto au taya, na jasho jembamba la baridi, ni dharura. Mazoezi ya pumzi si ya kuzima king'ora ambacho mwili unakupigia.

Nikifika hospitali nianzie wapi? Naona aibu, na naogopa nitapelekwa Mirembe.

Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, na inatibu watu wanaopona na kurudi kwao. Lakini wengi wenye sonona hawalazwi popote. Wanaonwa kliniki ya nje, wanapewa tarehe, wanarudi kazini.

Mapokezi huna haja ya kujieleza. Sema unataka kumwona daktari, basi. Ukishaingia na mlango umefungwa, usianze na kichwa kinachouma wala vidonda vya tumbo, maana utatoka na panado na dawa ya kupunguza asidi. Anza na hivi: "Daktari, tangu tarehe fulani sina raha, silali, na nimeshajaribu mazoezi." Atakuuliza maswali mengi, mengine ya aibu, pamoja na lile la kujiua. Mjibu ukweli. Anaweza kukupima damu pia, kwa sababu upungufu wa damu au tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri humchosha mtu hivyohivyo.

Bebeni dawa zote mnazotumia, kwenye mfuko mmoja: za hospitali, za majani, na yale makopo ya unga wa gym mnayoyaficha.