Kuku wa ndimu na majani ya viungo: maswali na majibu

Kuku aliyelowekwa kwa ndimu, kitunguu saumu na majani ya viungo ni chakula cha mwisho wa wiki katika nyumba nyingi, pwani na bara. Maswali yanayoulizwa juu yake karibu yote yana chanzo kimoja: ndimu imebebeshwa kazi isiyo yake. Ndimu ni kiungo. Bakteria wa kuku huzuiwa wasizaliane kwa baridi wakati wa kuloweka, na huuawa kwa moto wakati wa kupika.

Ndimu inaua vijidudu vya kuku mbichi?

Si kwa kiwango cha kutegemea. Kuku mbichi, hata aliyekuwa mzima na kuchinjwa leo, anaweza kuwa na salmonela na kampilobakta, bakteria wanaosababisha kuharisha, homa na maumivu ya tumbo. Maji ya ndimu yakiwa peke yake ni makali, pH yake (kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 7 ukali unaongezeka) ni kati ya 2 na 3. Yakishamwagwa juu ya nyama yanachanganyika na majimaji ya kuku, na protini yenyewe inapunguza ukali wake. Tena hayafiki kila mahali. Mikunjo ya ngozi, vitundu vya manyoya na sehemu za chini ya kipapatio huwaficha bakteria vizuri tu.

Kinachowapoteza watu ni rangi. Tia kipande cha kidari katika maji ya ndimu matupu kwa nusu saa, utaona kingo zimegeuka nyeupe na kukaza mithili ya nyama iliyochemshwa. Asidi imegandisha protini, na joto nalo hufanya hivyohivyo, lakini joto linaua na asidi hii haiui vya kutosha. Kuku huyo bado ni mbichi.

Basi nimwoshe kwa ndimu na chumvi kabla ya kumtia viungo?

Kuku wa kisasa aliyeuzwa akiwa amesafishwa haoshwi bombani. Maji yakimpiga hurusha matone kwenye sinki, vikombe, nguo zako na kachumbari iliyo pembeni. Moto utawaua bakteria waliobaki kwenye kuku, lakini waliorukia kachumbari wataliwa wakiwa hai. Mkaushe kwa karatasi za jikoni, zitupe, kisha nawa mikono kwa sabuni kwa sekunde 20. Kuku mkavu pia hushika viungo kuliko kuku anayechuruzika maji.

Anayeona hawezi kumla kuku bila kumpitishia ndimu, ampake kipande cha ndimu akiwa ndani ya bakuli, bila bomba, kisha amkaushe.

Kuku wa kienyeji aliyechinjwa nyumbani ana masizi ya kubabua, damu, na pengine uchafu wa utumbo. Huyo lazima asafishwe. Jaza beseni maji, mzamishe, msugue akiwa chini ya maji, kisha mwaga maji polepole mbali na vyombo. Beseni, kisu na kibao vioshwe kwa maji moto na sabuni kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Vipimo vya kilo 1 ni vipi?

Kwa kilo 1 ya vipande vyenye mfupa, ngozi imetolewa:

- Maji ya ndimu, vijiko 3 vya chakula (ndimu 2 au 3 zenye maji)
- Ganda la kijani la ndimu 1, lililokunwa
- Mafuta ya kula, vijiko 2 vya chakula
- Kitunguu saumu, punje 5
- Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba
- Majani ya giligilani (dania, kotmiri) pamoja na mabua, kiganja kimoja
- Nanaa au rozimeri iliyokatwa, kijiko 1 cha chakula
- Binzari nyembamba, kijiko 1 cha chai, na pilipili manga nusu yake
- Chumvi, kijiko 1 cha chai kisicho na kichuguu

Anza kwa kukuna ganda, kisha kamua. Ndimu iliyokwisha kukamuliwa haikuniki. Harufu tamu ya ndimu imo kwenye mafuta ya ganda la nje, kwa hiyo ganda linakupa ladha bila kuongeza asidi. Ukifika kwenye sehemu nyeupe acha, ni chungu. Twanga kitunguu saumu, tangawizi, mabua ya giligilani na chumvi pamoja mpaka vilainike, kwani chumvi husaidia kusaga. Changanya na mafuta, ndimu na viungo vikavu. Majani ya giligilani gawa mara mbili: nusu yaingie kwenye mchanganyiko, nusu yanyunyizwe kuku akishaiva, maana majani mabichi yakikaa motoni yanaungua na kuwa machungu.

Mapaja yachanjwe mikato 2 au 3 hadi karibu na mfupa. Viungo na majani havipenyi zaidi ya milimita chache. Chumvi pekee ndiyo inayosafiri hadi ndani, tena kwa saa kadhaa. Mchanganyiko wa kumwogelesha kuku ni hasara ya ndimu. Unaotakiwa ni wa kumpaka kote.

Alowekwe kwa muda gani?

Kidari kisicho na mfupa kinatosheka kwa dakika 30 hadi saa 1. Mapaja na vipapatio, saa 2 hadi 4. Ukimwacha kwenye ndimu usiku kucha, asidi inaendelea kugandisha protini, zinakamua maji yake, na unapata nyama yenye unga kwa nje na ukavu kwa ndani. Anayetaka kulaza kuku kwenye viungo aweke kila kitu isipokuwa maji ya ndimu, ayatie nusu saa kabla ya kupika. Kwa vyovyote, kuku mbichi asikae kwenye friji zaidi ya siku 2.

Kuku wa kienyeji ana hesabu nyingine. Ugumu wake unatokana na kolajeni (protini ngumu inayoshikilia nyama) iliyokomaa kwenye misuli, na hiyo inalainishwa na moto mdogo wenye maji. Ndimu haiiwezi hata ukimloweka siku nzima. Mchemshe kwanza na tangawizi na chumvi kidogo mpaka kisu kiingie bila kulazimisha. Jogoo mkubwa anaweza kuchukua saa 1 na nusu. Kisha mpake viungo na umchome papo hapo. Papai bichi lililokunwa linalainisha, kijiko 1 cha chakula kwa kilo kwa dakika 30 hadi 60. Likizidi muda huo linavunja nyama ya juu kabisa, na kuku wa kisasa halimfai.

Sina friji. Ndimu na chumvi si zitamtunza mpaka jioni?

Hazitamtunza. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na jikoni mwa Dar es Salaam au Mombasa mchana ni katikati ya kiwango hicho. Kuku mbichi asizidi saa 2 nje ya baridi. Joto likipita nyuzi 32, isizidi saa 1, ukihesabu tangu alipochinjwa au alipotoka kwenye friji ya duka, pamoja na muda wa daladala. Asiye na friji anunue au achinje siku ya kupika, achanje mikato mingi, aloweke dakika 30, kisha apike. Inatosha kabisa kwa ladha. Boksi la baridi lenye barafu juu na chini linakupa saa za ziada, mradi barafu haijayeyuka.

Kuku wa kugandishwa ayeyushwe ndani ya friji, usiku kucha au zaidi. Akiyeyuka mezani, nje hufika joto la hatari wakati ndani bado ni jiwe.

Chombo gani kinafaa kulowekea?

Bakuli la kioo, la udongo uliopakwa vizuri, la chuma kisichoshika kutu, au plastiki iliyotengenezwa kwa chakula. Sufuria ya aluminiamu iepuke: ndimu inakwangua metali, mchuzi unakuwa na ladha ya chuma na sufuria inapata mabaka. Sufuria zinazoyeyushwa kutoka vyuma chakavu zina tatizo kubwa zaidi, maana zinaweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu. Vipimo vya sufuria za aina hiyo vilivyofanyika Kameruni vilikuta risasi ikitoka kwenye chombo, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kitu kikali kama ndimu kisilale humo.

Mchanganyiko uliobaki naweza kumpakia kuku akiwa motoni?

Umeshakaa na kuku mbichi, kwa hiyo nao ni mbichi. Uchemshe mpaka utokote vizuri, ndipo upakie au utumie kama mchuzi. Njia bora ni kutenga vijiko 4 pembeni kabla kuku hajaingia, pamoja na brashi yake na sahani safi ya kuku aliyeiva. Watu wengi huumwa kwa kurudisha nyama iliyoiva kwenye sinia lililobeba mbichi.

Nitajuaje ameiva?

Kwa kipimajoto cha nyama, ukikichoma katikati ya sehemu nene bila kugusa mfupa. Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 70. Idara ya Kilimo ya Marekani inataja 74. Lenga 74. Usipokuwa nacho, mkate kwenye kiungo cha paja hadi mfupani: majimaji yatoke maangavu, nyama iachane na mfupa, kusiwe na utelezi. Rangi ya nje haitoshi, hasa kwa kuku wa ndimu ambaye alishaanza kuwa mweupe kabla ya kuona moto. Uwekundu kidogo kandokando ya mfupa wa kuku mchanga unaweza kutoka kwenye uboho hata akiwa ameiva, lakini kama huna kipimajoto, mrudishe motoni.

Ni kweli kumchoma kwenye mkaa kunaleta saratani?

Nyama inapopata moto mkali sana, na mafuta yanapodondokea makaa na kutoa moshi, huzaliwa kemikali ambazo zimesababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Kwa binadamu uhusiano huo haujathibitishwa, ila kupunguza ni rahisi. Kuloweka kwa ndimu, kitunguu saumu na majani ya viungo hupunguza baadhi ya kemikali hizo, na hapa ndimu inastahili sifa. Toa ngozi, subiri makaa yawe na jivu jeupe, sogeza kuku pembeni ya moto, geuza mara kwa mara, na kata sehemu zilizoungua. Sukari au asali ipakwe dakika za mwisho, kwani huungua mapema na kukuonyesha kuku "aliyeiva" ambaye ndani ni mbichi. Mwenye mtoto wa chini ya mwaka 1 asimpe kabisa chenye asali, hata iliyopikwa, kwa hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaopooza misuli.

Nina presha. Niache kuku huyu?

Usimwache, mpunguzie chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko 1 cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Kwa vipimo vya hapo juu, kilo 1 ikiliwa na watu 5, kila mmoja anapata takribani gramu 1. Mwenye presha atumie nusu kijiko. Ukali wa ndimu na harufu ya ganda huziba pengo vizuri. Kinachoharibu hesabu ni vile vidonge vya mchuzi, ambavyo karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, na sosi ya soya, ambayo kijiko 1 cha chakula kina zaidi ya gramu 2. Chagua kimoja, au viache vyote.

Hapo hapo tuseme kuhusu dawa. Ndimu na limau za kawaida kwenye kuku hazina shida. Balungi na danzi ndizo za kuangalia: huzuia kimeng'enya kinachovunja baadhi ya dawa, dawa ikazidi mwilini. Nifedipini na felodipini za presha, simvastatini na atorvastatini za kolesteroli zimo katika kundi hilo. Ukizitumia, loweka kwa ndimu badala ya danzi.

Ndimu inayeyusha mafuta ya kuku?

Hapana. Mafuta mengi yako kwenye ngozi na chini yake. Itoe.

Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo?

Ndimu na pilipili haziletei mtu vidonda. Vingi husababishwa na bakteria *Helicobacter pylori* au dawa za maumivu kama ibuprofeni. Lakini zinaweza kuwasha tumbo lililo na kidonda na kuongeza kiungulia. Badili ndimu kwa vijiko 4 vya mtindi, baki na ganda lililokunwa, acha pilipili.

Nilikamua ndimu nyingi nje kwa ajili ya sherehe, baada ya siku 2 mikono imetoa malengelenge na mabaka meusi. Ni mzio?

Mara nyingi si mzio. Maji na mafuta ya ganda la ndimu yana kemikali ambazo zikikutana na jua juu ya ngozi huunguza. Dalili huja baada ya saa 24 hadi 72, ndiyo maana watu hawaiunganishi na ndimu, na alama zinafuata njia ya matone: michirizi mkononi, kidoa penye vidole vilipogusa, hata kwenye shavu la mtoto uliyemshika. Weka kitambaa cha baridi, usipasue malengelenge, epusha sehemu hiyo na jua. Weusi hukaa wiki au miezi, kisha hufifia. Malengelenge yakiwa makubwa, yakitoa usaha au yakiwa usoni, nenda kituo cha afya. Safari nyingine kamulia ndani, na unawe kwa sabuni mpaka viwiko kabla ya kutoka juani.