Vidonge vya presha vinavyotuliza moyo: maswali kutoka Mwaloni na visiwani

Nimeandikiwa atenololi kliniki. Inashushaje presha?

Ukishtuka, au ukibeba mzigo pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, mwili humwaga adrenalini. Inanasa kwenye vipokezi vya moyo viitwavyo beta, na moyo unaenda mbio. Atenololi, bisoprololi na propranololi huwahi kukaa pale, kama abiria aliyewahi siti ya daladala ya Igoma: adrenalini ikifika inakuta pamejaa. Moyo unapiga taratibu, bila kusukuma damu kwa nguvu nyingi. Figo nazo hupunguza kutoa renini, ambayo huanzisha mlolongo wa kubana mishipa na kutunza chumvi mwilini.

Mbona jirani yangu kapewa amlodipini?

Presha isiyo na ugonjwa mwingine kwa kawaida huanziwa amlodipini, dawa ya kukojoza au losatani. Hizi zako hupewa zaidi mwenye moyo uliochoka, aliyewahi kupata shambulio la moyo, au anayebanwa kifua akipanda mlima. Basi msiazimane vidonge. Mwenye pumu aseme mapema: zinaweza kumbana pumzi, hasa propranololi.

Mimi mvuvi. Nakaa kambini Ukerewe wiki kadhaa, dawa zikiisha nasubiri nirudi mjini. Kuna ubaya?

Upo, tena mkubwa. Ukizimeza muda mrefu, mwili huongeza vipokezi. Ukikatisha ghafla, adrenalini inakuta nafasi tele: moyo unadunda, presha inapanda, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Kabla ya kupanda kivuko, mwambie daktari utakaa siku ngapi, akuandikie za kutosha na akiba. Hata ukitakiwa kuziacha, dozi hupunguzwa kidogo kidogo, kwa maelekezo yake.

Nachoka, mikono baridi, na chumbani mambo si kama zamani.

Yote yanaweza kuletwa na dawa. Wanaume wengi huacha kimyakimya, na hapo ndipo wanapojiponza. Sema tu, dawa nyingine zipo. Hesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakiwa chini ya 50 na una kizunguzungu, wahi hospitali. Mwenye kisukari ajue kuwa sukari ikishuka huenda asisikie moyo kwenda mbio wala kutetemeka. Jasho dawa hailifichi, bado litamtoka.

Kayabo niache?

Kidonge hakitashindana na samaki wa chumvi kila siku. Ukimtamani, mloweke usiku kucha, mwaga maji, na sufuriani usiongeze chumvi.