Sisaini saa ambazo sijazisikia

Alhamisi iliyopita nimeletewa tena daftari la saa, lile ambalo mwanafunzi wa tiba ya mazungumzo huandika vikao alivyofanya na wateja, nami msimamizi wake nasaini. Mwanafunzi wa masta, mwaka wa pili, kijana mwenye heshima zake. Kaniamkia vizuri, kisha akaniwekea mezani kurasa zilizojaa: tarehe, namba ya mteja, dakika 50, dakika 50, dakika 50. "Dokta, imebaki sahihi yako tu." Nikamuuliza rekodi ziko wapi. Akasema hakurekodi, ila anakumbuka kila kitu na anaweza kunisimulia.

Hapo ndipo ninapochoka. Kila mwaka naikuta imani hiyo hiyo, kwa wanafunzi, kwa wakuu wa idara, hata kwa wenzangu wa siku nyingi: kwamba kusimamia tiba ya mazungumzo ni mwanafunzi kusimulia kikao, msimamizi kutikisa kichwa, muhuri ukagongwa. Simulizi ya kikao si kikao! Na sisemi kwamba wanafunzi wanadanganya. Wengi ni wakweli kabisa. Wanachosimulia ni kile walichokusudia kufanya.

Nitoe mfano mmoja. Mambo yanayoweza kumtambulisha mhusika nimeyabadilisha. Mama mmoja alikuja kliniki akilalamikia mawazo mengi, usingizi kumpotea, kichwa kumgonga. Kwenye ripoti mwanafunzi aliandika: "Dalili za sonona. Mteja ameulizwa kuhusu kujiua, amekana." Ripoti safi, kila kipengele kipo. Kwa ripoti ile peke yake ningesaini.

Tukafungua rekodi. Dakika ya 31 mama anasema, "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kweli." Mwanafunzi akadakia: "Pole sana mama. Lakini huna mawazo ya kujidhuru, sivyo?" Kimya. Halafu mama, kwa sauti ya chini: "Hapana." Papo hapo wakahamia kwenye usingizi.

Lisikilize swali lile. Lina "lakini", lina "huna", lina "sivyo". Ukimuuliza mtu mzima wa huku kwetu namna hiyo umeshamjibia, kwa kuwa adabu inamtaka akuitikie. Isitoshe, kamwita mwanangu. Mama gani atamtwisha mwanawe habari ya kutaka kufa, na huku anamsikia mwana mwenyewe analiogopa jibu? "Kujidhuru" nalo ni neno la fomu. Nyumbani watu husema kufa. Haya yote hayamo kwenye ripoti na hayawezi kuwamo, maana aliyeiandika hakujua kama ameyafanya. Hata kile kimya hakukikumbuka. Mimi nilikipima: sekunde 6.

(Wako wanaosema kuuliza wazi kunampandikizia mtu wazo la kujiua. Jambo hilo limechunguzwa na tafiti, na hazikuona hivyo. Ulizeni.)

Na jambo hili, simulizi kutofautiana na kikao chenyewe, si geni. Kliniki ya wafuasi wa Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi nafsi, iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920 ndiyo iliyoufanya usimamizi kuwa sehemu rasmi ya mafunzo, na enzi hizo mwanafunzi alisimulia tu. Mwaka 1942 mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers akachapisha neno kwa neno vikao vyote vya mteja mmoja, vilivyonaswa kwenye sahani za santuri, watu wakaona kinachosemwa chumbani hasa. Mwaka 2001 watafiti William Miller na Kathleen Mount walichapisha utafiti wa wahudumu waliohudhuria semina ya usaili wa kuhamasisha, yaani mbinu ya kuzungumza na mteja hadi aone mwenyewe sababu za kubadilika. Wenyewe walijieleza kuwa wamebadilika sana. Kanda zao zikaonyesha mabadiliko madogo.

Sasa niseme na yanayonisumbua. Vitabu tunavyofundishia vimeandikwa kana kwamba mteja akisaini fomu ya ridhaa mambo yamekwisha. Hapa Tanzania Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Ninapomtaka mwanafunzi amrekodi mtu akieleza alivyojaribu kufa, nimeiweka sauti yake ndani ya kifaa. Ndiyo maana rekodi kwangu zinafungwa kwa nywila na zinafutwa tukishazisikiliza, na mteja akikataa, mimi mwenyewe nakaa chumbani. Lakini siwezi kuapa kwamba kila aliyekubali alikubali kwa hiari. Wengine wanakubali kwa kuwa wameombwa na mtu aliyevaa kitambulisho. Na kuna hili: ushahidi kwamba usimamizi wetu unawafanya wagonjwa wapone zaidi ni mwembamba. Unaonyesha zaidi kwamba mwanafunzi anajengeka. Nimelala na swali hilo mara nyingi.

Ninachokijua ni kilichotokea baada ya rekodi ile. Hatukungoja wiki inayofuata. Tulifanya igizo mara nne, mimi nikiwa mama, hadi swali likamtoka bila kutetemeka. Mchana ule ule akampigia simu, kesho yake mama akaja. Kwenye rekodi ya pili kijana anasema, "Mama, juzi uliniambia umechoka, nami nikakukatisha. Mtu akichoka hivyo, wakati mwingine huwaza kufa. Wewe umewahi kuwaza hivyo?" Kimya tena. Safari hii hakukijaza. Feni inasikika, mlango wa mbali unafungwa.

"Ndiyo," mama anasema. "Tangu mwezi wa Ramadhani."

Wakakaa dakika 80. Dada yake aliitwa, vitu vya hatari vikaondolewa nyumbani, na daktari wa akili akamwona siku hiyo hiyo. Kwenye daftari niliandika 80, nikasaini.