Mahindi ya ng'ombe hayasagwi kama ya bukari

Kiangazi kikikolea Lubumbashi, kuanzia mwezi wa sita hivi, majani ya porini hukauka yakabaki makapi. Hapo wafugaji wa kandokando ya mji, upande wa Kasapa, Kafubu na barabara ya Kipushi, huanza kununua mahindi na pumba ili wanenepeshe ng'ombe wa kuuza sikukuu za mwisho wa mwaka. Ni kazi nzuri na inalisha familia nyingi. Lakini ndio msimu ambao matumbo ya ng'ombe huharibika zaidi. Mnyama aliyekuwa mzima Jumatatu anakutwa Jumatano amelala chini, ubavu wa kushoto umejaa, kinyesi ni maji matupu yanayonuka uchachu. Watu husema amerogwa, au mahindi yaliyopita mpakani Kasumbalesa yalikuwa na dawa. Mara nyingi sababu iko karibu zaidi: namna nafaka ilivyosagwa, na namna ilivyowekwa mbele yake.

"Unga ukiwa laini zaidi, ng'ombe ananenepa zaidi"

Hakuna dhana inayoharibu ng'ombe kuliko hii, na si vigumu kujua ilikotoka. Mashine za mtaani zimewekwa kwa ajili ya bukari, yaani ugali. Mama anayepeleka mahindi yake anataka unga unaoteleza vidoleni, usio na chenga. Mfugaji anasimama kwenye foleni hiyohiyo, anasagiwa kwa tamisi (chujio la mashine) ileile, kisha anarudi nyumbani akiamini amebeba kilicho bora.

Sisi humeng'enya wanga kwa vimeng'enya vya miili yetu. Ng'ombe ana rumeni, tumbo kubwa la kwanza ambalo kwa mnyama mzima hubeba lita 100 na zaidi, na mle ndani wanaofanya kazi ni bakteria na vijidudu wenzao. Wao ndio wanaokula kwanza. Ng'ombe anaishi kwa asidi wanazotoa na kwa miili yao wenyewe inapotiririka kwenda matumbo yanayofuata. Karibu asilimia 70 ya uzito mkavu wa punje ya mahindi ni wanga. Punje ikigeuzwa vumbi, bakteria wanaishambulia kila upande kwa mara moja, na wanga wote unachacha kwa mkupuo. Ni kama kuni za miombo: gogo zima linaivisha sufuria ya maharage taratibu, lakini ukilichana vijiti vyembamba linawaka kwa kishindo na kuzimika kabla maharage hayajalainika.

Kishindo hicho tumboni ni asidi. Ng'ombe anayekula majani huwa na pH ya rumeni (kipimo cha uchachu: ikishuka, asidi imezidi) kati ya 6 na 7. Ikianza kushuka chini ya 6, bakteria wanaovunja nyuzinyuzi wanadhoofika. Ikikaa chini ya 5.6 kwa saa kadhaa kila siku, mnyama tayari ni mgonjwa, hata kama bado anasimama na kwenda kwenye hori. Ikikaribia 5, bakteria aina ya Streptococcus bovis na wengine wa jamii ya Lactobacillus wanatawala na kumwaga asidi ya laktiki, iliyo kali takriban mara kumi kuliko asidi za kawaida za rumeni. Rumeni inavuta maji kutoka kwenye damu, ndiyo maana ng'ombe anaharisha huku macho yamezama kwa kuishiwa maji.

Wengi hawafiki huko. Wanapata hasara ya kimya, ambayo mimi naona ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna anayeihesabu. Ukuta wa rumeni ukichubuka kwa asidi, bakteria aitwaye Fusobacterium necrophorum hupenya kwenye damu na kukaa kwenye ini. Mchinjaji anapopasua ndipo majipu yanaonekana, na ini linatupwa. Hata Marekani, ambako kunenepesha kwa nafaka ni kazi ya wataalamu, kundi lenye majipu ya ini kwa asilimia 10 hadi 30 si jambo geni. Ongeza kwato zinazouma, na ng'ombe ambaye leo anakula sana na kesho anagusa tu.

Basi nenda kwenye mashine na useme: "Papa, niwekee tamisi ya mashimo makubwa, hii ni ya ng'ombe." Mashimo ya milimita 6 au zaidi yanafaa. Usilipe kabla hujachota konzi moja na kuitandaza kiganjani. Unatakiwa kuona chenga: punje imevunjika vipande vitatu, vinne, ganda lake limepasuka, ndani peupe panaonekana. Puliza polepole. Ikiruka poda nyingi na kiganja kikabaki cheupe, huo ni unga wa bukari, upeleke jikoni. Ukibahatika kupata mashine ya kubana nafaka kati ya magurudumu mawili, itumie, kwa sababu inavunja bila kutoa vumbi jingi.

"Nimeona punje kwenye kinyesi, basi chakula chote kinapotea"

Hofu hii ndiyo inayowarudisha watu kwenye unga laini. Punje nzima ikiponyoka meno, ni kweli, inaweza kutoka kama ilivyoingia, kwa kuwa ganda la mahindi haliliwi kirahisi na bakteria. Lakini ng'ombe ana meno na anacheua. Ng'ombe vijana hasa hutafuna mahindi vizuri sana, na faida ya kuyavunja badala ya kuwapa mazima ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Macho hudanganywa na punje zinazong'aa kwenye kinyesi. Chukua kinyesi kibichi kiasi cha bakuli, kiweke kwenye chujio kuukuu, ukisuuze kwa maji hadi yatoke safi. Utakuta maganda matupu mengi yaliyodhaniwa kuwa punje: wanga wake umeshaliwa. Ukikuta punje nyingi nzima zenye uzito, sawa, saga kidogo zaidi. Ukikuta kinyesi chenyewe ni chepesi, cha kijivu, kina mapovu na vipande vya utando kama kamasi, tatizo lako ni kinyume kabisa: nafaka inachacha haraka mno.

Mtama ni habari nyingine. Punje yake ni ndogo na ngumu, inapita bila kutafunwa, kwa hiyo lazima uvunjwe. Ngano na shayiri huchacha haraka kuliko mahindi, hivyo kuzisaga laini ni hatari maradufu; zipasue tu.

"Pumba na dreshi zinatosha, majani ya nini?"

Pumba za mahindi na machicha ya bia, ambayo hapa mjini tunayaita dreshi, ni vyakula vizuri. Dreshi imeshatolewa wanga mwingi kiwandani, imebaki na protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo haiwashi asidi kama mahindi. Ila inapokuwa mbichi, sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, na kwenye joto huharibika ndani ya siku chache. Pumba zinategemea mashine: nyingine huja na wanga mwingi uliobaki, na nyingine ni maganda matupu.

Lakini nyuzinyuzi zilizosagwa hazifanyi kazi ya majani. Kinachomfanya ng'ombe acheue ni urefu: vipande vya majani vinavyoelea juu ya rumeni na kukwaruza ukuta wake. Akicheua anatoa mate, na mate yana bikaboneti inayotuliza asidi. Ng'ombe mkubwa anayekula majani ya kutosha anaweza kutoa mate lita 100 na zaidi kwa siku. Hiyo ndiyo dawa ya tumbo, anaitengeneza mwenyewe, na wewe unaizima ukimpa poda tupu.

Kwenye mashamba makubwa ya Marekani ya kunenepesha, majani hushuka hadi asilimia 10 hivi ya chakula kikavu, lakini wana mizani, ratiba na wataalamu wa lishe. Mfugaji wa kawaida wa huku asithubutu. Theluthi moja ya chakula ibaki majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa au nyasi zilizovunwa kabla ya kukauka kabisa. Mabua yanachomwa moto mashambani kila mwaka huku mwenye ng'ombe akitafuta pesa ya dawa za kuharisha. Hilo linaniuma.

"Ng'ombe anajua kujipimia"

Hajui. Nafaka ni tamu kwake, na hori likijazwa ghafla atakula mpaka aumie. Bakteria wanaotumia asidi ya laktiki huongezeka polepole, na vinyweleo vya ukuta wa rumeni, vinavyofyonza asidi, vinahitaji wiki kadhaa kurefuka. Kwa hiyo anza na nafaka kidogo, ongeza kila baada ya siku tatu au nne, fika kiwango chako baada ya wiki tatu. Gawa mara mbili kwa siku, saa zilezile, na mpe majani kwanza. Siku ambayo chakula kimekosekana, kesho yake usifidie kwa kuongeza. Wanaochelewa kuanza na kutaka kunenepesha kwa haraka kabla ya Noeli ndio wanaopoteza.

"Wakubwa wanapika nafaka, nasi tupike"

Wanachofanya ni kupitisha mahindi kwenye mvuke kwa nusu saa hadi saa moja, kisha kuyabana yakiwa moto yawe vipande bapa. Njia hiyo ilienea Marekani tangu miaka ya 1960, na mahindi hayo humeng'enywa wanga wake karibu asilimia 99, dhidi ya asilimia 90 hivi kwa yaliyovunjwa makavu. Faida ni kweli. Lakini wanga huo pia huchacha haraka zaidi, na vipande vikiwa vyembamba mno asidi inapanda kulekule. Kuchemsha uji kwa makaa ya kununua hakukupi faida hiyo.

"Tumbo la ng'ombe linaua ukungu wote"

Haliui sumu yote. Aflatoksini, sumu inayotolewa na ukungu, nyingi hupita, na kwa ng'ombe wa maziwa hutoka hata kwenye maziwa. Kusaga kunaificha tu. Angalia mahindi kabla hayajaingia mashine.

"Amefungua gunia akala, lakini anaonekana mzima"

Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 hadi 36, na saa hizo ndizo za kumwokoa. Ondoa nafaka yote, mwekee nyasi kavu, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usisubiri alale. Mwambie kilo unazokadiria amekula, saa aliyokula, na kama mahindi yalikuwa mazima, chenga au unga, maana unga ndio unaompa muda mfupi zaidi.