Agumenti usiyoitarajia katika Lisp: dhana potofu na ukweli

Kila ninapokaa na vijana wanaojifunza Common Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, hapa Kisumu, dhana ni zilezile, na ya kwanza ni kwamba agumenti (thamani unayoipa funksheni) ikiwa mbovu, Lisp yenyewe itapiga kelele.

Ukweli ni kwamba mara nyingi hunyamaza. `car` hutoa kitu cha kwanza cha orodha, na `nil` ni orodha tupu; hata hivyo `(car nil)` hurudisha `nil` tu. `(nth 10 '(1 2 3))`, inayoomba kitu kisichopo kwenye orodha, hurudisha `nil` vilevile. Katika Scheme, lugha nyingine ya familia ya Lisp, `car` ya orodha tupu ni kosa, kwa hiyo aliyezoea moja asidhani ameijua nyingine.

"Nimeweka bei ya kawaida, basi `nil` haipenyi." Hapa ndipo watu wengi huumia. Chukua hesabu ya muuza samaki wa Dunga:

```
(defun jumla (kilo &optional (bei 500))
  "Zidisha KILO kwa BEI."
  (* kilo bei))
```

`(jumla 3)` hutoa 1500. Lakini ukiita `(jumla 3 nil)`, ile 500 haitumiki. Hutumika tu agumenti isipotolewa kabisa, na `nil` uliyoiandika imetolewa. Hapa una bahati, kwani `*` itaikataa. Kama bei ingehifadhiwa tu kwenye orodha ya mauzo, `nil` ingekaa humo hadi mahesabu ya jioni, na ungetafuta kosa mbali na lilikoanzia. Weka `(check-type bei (real 0))` kabla ya kuzidisha: kosa litatokea papo hapo, likitaja `bei` kwa jina na kukupa nafasi ya kuingiza thamani nyingine.

"`declare`, yaani kutangaza aina ya thamani, inatosha." Hapana. Kwa kiwango rasmi cha lugha hii, cha ANSI cha 1994, tangazo la aina ni ahadi yako kwa kompaila, programu inayotafsiri msimbo wako. SBCL, mmoja wa mifumo ya Common Lisp, kwa kawaida huikagua, ila si kila mfumo unalazimika.

"Jina zuri halihitaji maelezo." Mimi nalipinga hili kwa nguvu zote. "Zidisha KILO kwa BEI" hairudii ila kile msimbo unachosema tayari. Anayeita funksheni anataka kujua mengine: "Rudisha gharama kwa shilingi. BEI isipotolewa ni 500. Ikiwa hasi au si namba, kosa la aina hutokea." Maelezo hayo yakae baada ya orodha ya agumenti, yafuatwe na msimbo. Yakiwa peke yake mwilini, Lisp huyachukulia kuwa jibu la funksheni. Yakikaa mahali pake, mwenzako aliye Nakuru ataandika `(documentation 'jumla 'function)` na kuyasoma bila kufungua faili yako.