Zege haliwi gumu kwa kukaushwa na jua

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu: zege jipya lisimwagiwe maji, liachwe juani likauke ndipo liwe imara. Si kweli. Saruji hushikana kwa kuungana na maji kikemikali, ndiyo maana zege hukomaa hata likiwa chini ya maji. Likikauka mapema, kazi hiyo husimama na uso hubaki dhaifu, wenye nyufa. Limwagilie angalau siku 7.

Jaribu mwenyewe: finyanga vipande viwili vya mchanganyiko mmoja. Kimoja kiache juani; kingine, kikishashika, kizamishe majini. Siku ya 28 vikwaruze kwa msumari.

Kuchanganyikiwa kunaeleweka, kwani tofali la udongo kweli hukomazwa na jua. Tafadhali, ukiupata ujumbe huo, usiusambaze.